Choo cha Mke Mrefu

Mama alitoa sharti moja tu, na alilitoa akiwa amelala chali hospitalini, nyonga imevunjika, sauti yake imetulia kama ya mtu anayeagiza chumvi dukani. Hatarudi nyumbani kwake mpaka kuwe na choo cha kukaa ndani ya nyumba, choo ambacho ataingia mwenyewe, atafunga mlango mwenyewe, na atatoka mwenyewe.

"Sitaki kushikwa makwapa kama kuku anayepelekwa sokoni," alisema. "Nyinyi wote nimewatawaza mimi. Hamtanitawaza na akili zangu timamu."

Alikuwa ameteleza uani, karibu na bomba. Ndivyo alivyoeleza. Akajikokota kwa kushika kuta mpaka kitandani, na hapo kitandani ndipo mumewe alipomkuta, uso umelowa jasho, anauliza kama kuna mtu aliyeepua sufuria. Choo cha nyumbani kilikuwa huko huko uani, cha kuchuchumaa, na nyonga iliyoungwa kwa chuma haichuchumai. Kwa hiyo alipotoka hospitali walimpeleka kwa binti yake mkubwa, upande wa pili wa mji, kwenye nyumba yenye choo cha kukaa, wajukuu watukutu na televisheni isiyozimwa. Nyumbani akabaki mumewe na binti yao wa mwisho, Kifungo.

Kifungo aliitwa hivyo kwa sababu alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha koti la baba yake, nyumba nzima ikakaa ikingoja kitoke. Kilitoka. Na kwa kuwa dunia haiishiwi utani, alipokua akawa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, dirishani, na tangu mama aondoke yeye ndiye aliyempikia baba.

Ndiye pia aliyeona kwamba baba anakula nusu. Alimpakulia, baba akala upande mmoja wa sahani mpaka katikati, akanawa mikono.

"Baba, mbona umebakiza? Chakula kibaya?"

"Hiyo ya mama yako," baba akajibu. Kisha akajisikia alichosema, akainuka, akaenda nje kutafuta kitu ambacho hakikuwapo.

Wazee hao walikula sahani moja tangu walipooana. Kila mmoja alikuwa na upande wake, na mpaka wao ulikuwa wa haki kuliko mipaka mingi ya mashamba. Sasa upande wa mama ulibaki umejaa, unapoa, na Kifungo aliurudisha jikoni.

Asubuhi iliyofuata baba alisimama mlangoni kwa Kifungo, kofia kichwani.

"Mwite yule mwenye domo," alisema. "Tunaweka choo."

Mwenye domo alikuwa fundi bomba wa mtaa. Walimwita Koki, maana mdomo wake ulikuwa kama koki mbovu: hata ukiufunga, unadondosha. Alikuja na mfuko wake wa vyuma, akaonyeshwa bafu lililopakana na chumba cha kulala cha wazee, akachungulia ndani, akapiga mluzi.

"Mzee, hili ni bafu la kuogea au kioo cha kunyolea ndevu?"

"Vua viatu kabla hujakanyaga," baba akasema.

Koki hakuwa amekosea. Mtaani baba aliitwa Mzee Sakafu. Alianza kumwaga sakafu nywele zikiwa nyeusi, akaacha zikiwa hazipo. Hakujenga kuta, hakuezeka paa. "Ukuta utauegemea ukitaka," alikuwa akisema, "lakini sakafu utaikanyaga utake usitake." Sakafu zake zilikuwa za niru, sementi iliyosuguliwa kwa mwiko mpaka ukiinama unayaona matundu ya pua yako. Tepu ya kupimia hakuwahi kuishika. Alifumba jicho moja, akatazama kwa lile lingine, akasema "hapa", na pakawa hapa. Na kwenye mfuko wa shati alitembea na gololi moja ya kijani. Akimaliza sakafu ya bafu, aliiweka gololi mlangoni, akaiachia, akakunja mikono. Ikitembea yenyewe polepole hadi kwenye tundu la maji bila kusita, kazi imekwisha. Ikisita mahali, alivunja pale akaanza upya, hata kama mwenye nyumba amekwisha kuridhika na anaomba aachiwe alale.

Katika sakafu zote hizo, aliyoipenda kama mwana ni hii ya bafu la kwake. Aliimwaga mwaka aliozaliwa Kifungo, na mpaka leo haikuwa na ufa wa kupitisha hata unywele. Mgeni akija, kabla hajaonyeshwa kiti, alipitishwa bafuni kuitazama gololi ikitembea. Mama alikuwa akisema mumewe ana watoto watatu: wawili wa kike na mmoja wa sementi.

Koki alivua viatu, akaingia kwa ncha za vidole.

"Kazi nyepesi," alisema. "Bakuli litakaa kona ile. Bomba la uchafu litapita ukutani kwa nyuma, moja kwa moja hadi shimoni. Tangi la maji juu yake. Sakafu hatuifukui. Matundu mawili tu ya drili, tunakaza bolti, mama anakaa."

"Matundu mangapi?"

"Mawili."

"Kwenye sakafu yangu?"

"Mzee wangu, nikiyatoboa kwenye sakafu ya jirani, choo cha mama hakitashika."

Kifungo aligeukia dirisha ili asionekane akicheka. Baba hakucheka. Alitazama kona ile kama mtu anayeambiwa amchague mtoto wa kutobolewa masikio, wakati mtoto mwenyewe anasikia.

"Hapatobolewi," akasema.

Koki akalileta bakuli, jeupe, jipya, lingali na karatasi zake, akaliweka pale konani na kulisukuma kwa kidole. Likayumba. Sakafu ilikuwa imeinama kuelekea kwenye tundu la maji, kama ilivyofundishwa tangu utoto wake, na bakuli la choo linataka kukaa mahali palipo sawa. Hapo ikabidi wakubaliane jambo. Watajenga kitako cha zege pale konani, chini kikifuata mwinamo wa sakafu, juu kikiwa sawa kabisa, na bakuli litakaa juu yake kwa sementi. Tena kitako kitasaidia, kwa sababu hospitali walisema mgonjwa wa nyonga asikae chini sana, kiti chake kiinuliwe.

"Sawa," Koki akasema. "Basi tuichonge sakafu pale chini kidogo, ikwaruzike, ndipo tumwage. Zege jipya halishiki kwenye kioo. Mtaani hapa wewe ndiye uliyetufundisha hilo."

"Uzito wake utalishika."

"Mzee..."

"Nimesema uzito."

Koki alimtazama Kifungo. Kifungo alimtazama baba, na baba alikuwa anautazama ukuta. Alijua. Mtu aliyewahi kubomoa sakafu ya duka zima kwa sababu kibarua wake alisahau kuichonga ya chini, leo anasema uzito. Mganga hajigangi.

"Haya, urefu," Koki akasema, maana alikuwa mtu mwema na hakupenda kumgandamiza mzee. "Goti la mama liko wapi?"

Kifungo aliitoa tepu yake shingoni. "Nimpigie dada simu. Ampime mama kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti, dakika moja tu."

"Nani apimwe?" baba akauliza. "Mke wangu? Nimeishi naye kabla wewe hujawaza kumeza kifungo, leo nipigiwe simu niambiwe goti lake liko wapi?"

"Baba, mimi ndiye ninayemshonea. Mama ni mfupi."

"Wewe unapima nguo. Mimi napima mtu."

Akafumba jicho moja. Akanyoosha kiganja hewani, mbele ya ile kona, akakishusha kidogo, akakipandisha, akakituliza. Kiganja kikakaa pale, juu kuliko alivyotazamia yeyote.

"Hapa," akasema.

"Huyo ni mama au twiga?" Koki akanong'ona.

"Nimesikia."

Kifungo akairudisha tepu shingoni. Mkono ule uliokuwa hewani ulikuwa umemshika mtu, na hakuona namna ya kuushusha.

Baba alilifanya zege mwenyewe. Alichekecha mchanga kama mtu anayechekecha unga wa wageni, akauchanganya na kokoto ndogo na sementi, akaongeza maji kwa kikombe, kidogo kidogo, akimfokea Koki kila alipotaka kumsaidia kumwaga. Alipigilia mbao kufanya umbo, akajaza, akasawazisha kwa mwiko, kisha akaiweka gololi juu. Safari hii gololi ilitakiwa isimame. Ikasimama katikati. Baba akaguna. Baada ya hapo alikifunika kitako kwa gunia lililolowana na kukinywesha maji asubuhi na jioni kama mgonjwa, na hakuruhusu mtu kukiegemea wala kukisogelea kwa sauti kubwa.

Kilipokauka, Koki alitoboa ukuta kupitisha bomba, jambo ambalo baba alilitazama bila wasiwasi wowote; ukuta hakuujenga yeye. Bakuli likakaa juu ya sementi mbichi, likasawazishwa, likaachwa lishike. Tangi likafungwa, maji yakaunganishwa. Siku ya kulijaribu, baba aliingia, akageuka, akajipandisha kidogo, akakaa, nguo zake zote mwilini na kofia kichwani.

"Unajisikiaje, mzee?" Koki akauliza kutoka mlangoni.

"Kama hakimu."

Akavuta maji. Yakazunguka, yakanguruma, yakaenda.

"Hukumu imetolewa," akasema Koki.

Na baba, ambaye hakuwa amecheka tangu siku ya hospitali, alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kifungo aliiokota, akaipangusa, akamvisha. Jioni hiyo baba alipiga simu mwenyewe kwa binti yake mkubwa.

"Mwambie mama yako chumba chake kiko tayari," alisema, kama mtu wa hoteli.

Mama aliletwa na gari mpaka mlangoni. Alishuka taratibu, mkongojo mkono mmoja, mkono mwingine akiukataa wa dada mkubwa, akaingia akigusa vitu: fremu ya mlango, kiti, cherehani ya Kifungo, kama mtu anayewasalimia majirani mmoja mmoja. Baba alitembea nyuma yake na mikono wazi, tayari kudaka kitu ambacho hakikuanguka.

"Umekonda," mama akamwambia bila kugeuka.

"Wewe umenenepa."

"Kule hawali nusu yangu."

Mlango wa bafu ulikuwa wazi. Baba alikuwa ameisugua sakafu asubuhi hiyo, akaiosha, akaipangusa kwa kitambaa cha sufu, na ilikuwa inang'aa kuliko siku yoyote. Konani, juu ya kitako chake, choo kilikaa cheupe kama jino. Mama alifika kizingitini akasimama. Kifungo, aliyekuwa pembeni, aliviona vidole vya miguu ya mama vikijikunja ndani ya ndala.

"Inang'aa," mama akasema.

"Kwa ajili yako, mama watoto."

"Naona." Akavuta pumzi. "Haya, tokeni. Sharti ni sharti."

Akaingia akiburuza kiganja ukutani, hatua fupi fupi, na mlango ukafungwa. Nje walisimama baba, Kifungo na dada mkubwa, kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe. Hawakusikia kitu. Halafu wakasikia kicheko.

"Mzee!" mama akaita kutoka ndani.

"Naam!"

"Choo hiki umemjengea nani?"

"Wewe!"

"Mimi huyu? Miguu inaning'inia kama ya mtoto kwa kinyozi!"

Dada mkubwa alicheka, Kifungo akacheka, na mama mle ndani alikuwa anacheka kwa kwikwi. Baba tu ndiye aliyekuwa anautazama mlango kwa mshangao, kama aliyeambiwa jua limechomoza upande usio wake.

Kisha wakasikia kitu kikikwaruza, jiwe juu ya jiwe, na kicheko kikakatika. "Yallah!"

Kifungo akafungua. Mama alikuwa ameng'ang'ania bomba la tangi. Mguu mmoja ulikuwa bado unatafuta chini; mwingine ulikuwa umeifikia sakafu, ukateleza mbele, ndala imebaki nyuma. Alipojisukuma ili ashuke, kitako kizima kilikuwa kimesogea kutoka ukutani upana wa kidole, na kwenye kiungo cha bomba maji yalikuwa yanatoka polepole na kutambaa juu ya niru. Kifungo alimpitishia mikono chini ya makwapa, akamshusha, akamtoa. Mama alikuwa mwepesi. Hakumtazama binti yake njia nzima hadi kitandani.

"Mwambie dada yako asiondoshe gari," alisema alipoketi. "Nirudi nilikotoka."

Dada mkubwa alitoka kwenda kusimama nje. Baba alikuwa kwenye mlango wa bafu, anatazama chini. Sakafuni palikuwa na mstari mrefu wa unyevu, mahali mguu wa mama ulipopita. Alikaa akiutazama mstari huo muda mrefu.

"Mama watoto," alisema mwishoni. "Siku ile ulianguka wapi?"

"Si nilishawaambia? Uani, karibu na bomba."

"Uani kuna mchanga."

"Kwani mtu hatelezi mchangani?"

"Hatelezi."

Mama akaanza kunyoosha shuka ambayo haikuwa na mkunjo. "Haya. Nilianguka humo bafuni. Hospitali hawakuuliza sakafu ni ya nani."

"Ungeniambia mimi."

"Nikuambie nini? Watu wanatoka mitaa ya mbali kuja kuitazama. Niseme imenivunja?" Akanyoosha shuka tena. "Nilijikokota mpaka hapa kitandani ndipo nikaita. Ilikuwa imelowa, basi. Hata wewe ungeanguka."

Kifungo alitaka kutoka, lakini baba alimnyooshea mkono bila kumtazama.

"Nipe tepu yako."

Akaipokea kama mtu anayepokea mtoto wa watu. Akapiga magoti mbele ya mkewe, magoti yakalia yote mawili, akaushika mguu wake mzima, akaweka ncha ya tepu kwenye kisigino na kuinyoosha mpaka nyuma ya goti. Akasoma, macho yote mawili wazi. Akaigeuza tepu, akasoma upande wa pili.

"Tepu hii nzima?"

"Nzima, baba," Kifungo akasema.

"Haijanywea kwa kufuliwa?"

"Tepu hazifuliwi, baba."

Alibaki ameishika. "Mimi siku zote najua wewe ni mrefu," akamwambia mkewe.

"Mrefu wapi? Kamba ya nguo nimeifikia lini? Maisha yangu yote naanika nguo nikiwa juu ya ndoo, na ndoo unaijua."

"Najua ndoo."

"Sasa?"

Baba alifikiri. "Siku ya kwanza nilikuwa namwaga sakafu kwa baba yako. Ukaja ukasimama mlangoni, nikakuambia usikanyage. Nikainua kichwa nikuone..."

"Ulikuwa umepiga magoti."

"Nilikuwa nimepiga magoti."

"Na baadaye hukuinuka ukanitazama vizuri?"

"Sikuona haja."

Mama alimwangalia, yeye kitandani, mumewe chini sakafuni na tepu ya watu mkononi. Akampangusa upara kwa kiganja, mara moja, kama anayeondoa vumbi.

"Inuka, mzee. Utaganda hapo."

Baba akainuka kwa kushika ukingo wa kitanda, akatoka. Wakamsikia uani akipekua kwenye sanduku lake la vyuma. Akapita tena, hakuwatazama, akaingia bafuni. Kisha: kong.

Mama aligeuza kichwa. Kong. Kong, kong.

"Anafanya nini?"

Kifungo alichungulia. Baba alikuwa ameketi katikati ya bafu, miguu ameitandaza, tindo mkono huu na nyundo mkono ule. Kifungo alidhani atachonga kona tu. Lakini baba alikuwa ameanzia mlangoni, pale mtu anapoweka mguu wa kwanza, na alikuwa anaendelea mbele, pigo baada ya pigo, na vipande vya niru vilikuwa vinaruka vikimeta na kumgonga kifuani.

"Anaichonga sakafu," Kifungo akasema.

"Ile?"

"Ile. Yote."

Nyundo ililia, ikatulia, ikalia. Kifungo alidhani mama analia pia, lakini alipomtazama alikuwa ameinamisha sikio tu, kama mtu anayesikiliza habari kutoka mbali.

"Mwambie avae viatu," alisema hatimaye. "Vipande vitamkata." Na Kifungo alipofika mlangoni: "Na mwambie dada yako anifuate jioni. Bado kidogo nipo."

Koki alipoitwa tena aliiona sakafu ile imekwaruzwa kutoka mlango hadi kona, na kitako kimelazwa pembeni kama gunia, kizima, chini yake laini, bila hata chembe ya niru iliyokishika. Alifungua mdomo. Akamtazama Kifungo, akaufunga. Siku hiyo peke yake koki ilikazika.

Walijenga kitako kipya, kifupi, kwa urefu wa tepu na si wa jicho, na safari hii zege liling'ata sakafu kama meno. "Toboa," baba akamwambia Koki, na Koki akatoboa matundu yake mawili, akapitisha bolti. Sakafu yote ikapakwa sementi mpya, na ilipokuwa bado mbichi baba alikataa mwiko. Akachukua ufagio wa vijiti vigumu, akaivuta juu yake mistari myembamba kutoka kwenye tundu la maji kuja mlangoni, akirudi nyuma kwa magoti, mpaka sakafu ikawa na ukali wa ulimi wa ng'ombe. Ndipo akaanza tena kazi ya magunia na maji, asubuhi na jioni.

Sakafu ilipokauka vya kutosha, akamwaga ndoo ya maji. Maji yakafuata mistari, yakaenda kwenye tundu kwa adabu. Kisha, kwa mazoea tu, akatia mkono mfukoni, akaiweka gololi mlangoni, akaiachia, akakunja mikono.

Gololi haikwenda popote.

"Imesimama," Koki akasema, kwa hofu kidogo.

"Imesimama," baba akasema. Akaiokota, akaitia mfukoni. "Kifungo, piga simu. Mama yako aje."

Mama alifika kizingitini, akautanguliza mguu wa kwanza, akaukandamiza, akaukandamiza tena. Alitazama chini, akamtazama mumewe, akaingia. Hakushika ukuta. Mlango ukafungwa, na komeo likasikika. Nje, baba alikuwa anautazama mlango, Kifungo anamtazama baba, Koki anapanga kwenye mfuko vyuma ambavyo alikwisha kuvipanga. Ikapita muda. Maji yakanguruma, yakaenda.

"Mbona kimya huko nje?" mama akasema kutoka ndani. "Mnanisomea dua?"

"Miguu imefika?" baba akauliza.

"Imefika chini, na nafasi ya kuchezesha vidole ipo."

Koki alisema kitu hapo, akasema na kingine, na hakunyamaza mpaka alipofika kwake. Jioni Kifungo alipakua sahani moja. Baba akala upande wake mpaka katikati, na upande wa pili ukaja mkono mwingine, ukamaliza.

Walikaa hivyo kwa muda mzuri, na ni yeye baba aliyetangulia kwenda, kimya kimya, amelala upande wake wa kitanda. Nyumba ilijaa watu. Wanawake waliketi chumbani na mama, juu ya magodoro, wakiingia na kutoka, na Kifungo alipita kati yao akigawa maji. Kwenye mfuko wa shati la baba, lililokuwa bado limetundikwa, alikuwa ameigusa gololi, akaiacha humo humo.

Mmoja wa wanawake hao, mtu aliyemjua marehemu kwa sifa tu, alitoka bafuni akitikisa kichwa.

"Jamani, dunia," alisema. "Mzee wa sifa zote zile, sakafu za watu zinang'aa kama kioo, na ya kwake mwenyewe imekwaruzwa hivi?"

Kifungo aliweka chini jagi, akitafuta pa kuanzia. Lakini mama aliinua macho kwanza, taratibu, mkono bado juu ya shuka.

"Umeteleza?" akamwuliza.

"Hapana, dada yangu."

"Basi."

Akauchukua mkongojo wake. Mikono mitatu minne ilinyooka kumsaidia, naye akaipita yote, akaingia bafuni mwenyewe, na komeo likasikika.